Kupima Nguo Ikiwa Bado Kitandani: Somo la Ufumaji na Hisabati

Katika vijiji vya Masasi na Newala mtoto huanza kujifunza vipimo kabla hajaingia Darasa la Kwanza. Humwona bibi yake akisuka ukili, akiukunja na kuunyoosha tena kwa mikono miwili ili ajue umefika pima ngapi na kama unatosha kushona mkeka. Mtoto huyo akija shuleni huwa ana mambo mengi ya kumsaidia mwalimu wa hisabati, iwapo mwalimu mwenyewe atakubali kuyatumia. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ya kumtoa mtoto huyo katika upimaji wa ukili na kumfikisha katika upimaji wa nguo inayofumwa, kazi ambayo ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana.

Nguo na vipimo vyake

Hatuna budi kwanza kutofautisha mambo mawili. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika habari za nguo za magome ya miti. Nguo ya namna hiyo hupigwa kwa nyundo mpaka ilainike na kupanuka, haifumwi. Nguo ya kufuma ina nyuzi za aina mbili: mtande, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu, na mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa upana. Huko Ufipa ufumaji wa pamba ulikuwa kazi mashuhuri, na nguo yake iliitwa seketa.

Vipimo vya zamani vilitoka mwilini. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima. Mwalimu asividharau vipimo hivi. Wanafunzi watano wakipima meza moja kwa mikono yao watapata majibu yanayotofautiana, na hapo ndipo watakapoona wenyewe haja ya sentimita. Hata hivyo, wasidhani kwamba wakishika rula wameepukana na makosa yote. Nguo iliyo kitandani huweza kumpotosha hata mwenye rula nzuri.

Kosa tulilolifanya

Wakati mmoja tulifundisha Darasa la Tano kufuma kwa kitanda kidogo cha mbao, chenye mti wa mbele wa kukunjia nguo. Tulikusudia kupata vitambaa vinne vya meza, kila kimoja sentimita 45. Wanafunzi walipima nguo kidogo kidogo kabla ya kuikunja, wakajumlisha, wakapata sentimita 180. Nguo ikakatwa kutoka kitandani. Msichana mmoja akaipima tena, akasema ni sentimita 171. Tulimwambia mbele ya wenzake kwamba amesoma rula vibaya. Akapima mara ya pili, akapata 171 ile ile, akanyamaza.

Baada ya nguo kufuliwa na kukaushwa tuliipima wenyewe, tukapata sentimita 162. Tulipata vitambaa vitatu kamili na kipande cha sentimita 27. Uzi uliopotea tungeweza kuununua tena. Lakini mtoto aliyepima sawasawa alikuwa amefundishwa kutoyaamini macho yake. Siku iliyofuata tulimwomba radhi mbele ya darasa, kisha tukaanza kutafuta pamoja nao sababu ya jambo lile.

Kwa nini nguo hupungua

Sababu ya kwanza ni mvuto. Wakati wa kufuma, mtande hukazwa, nao uzi wa pamba ukivutwa hurefuka kidogo. Nguo ikitolewa kitandani mvuto huisha, na nyuzi hurudi. Sababu ya pili ni kufua. Maji huzifanya nyuzi zivimbe na zisogeleane, na nguo hupungua urefu na upana. Upana una sababu nyingine pia: mfumaji akiuvuta mno mshindio, kingo za nguo huingia ndani.

Zaidi ya hayo, mtande haukai umenyooka ndani ya nguo. Hupita juu ya uzi mmoja wa mshindio na chini ya mwingine, kama njia ya milimani inayopanda na kushuka. Kwa hiyo sentimita 100 za nguo huhitaji mtande unaozidi sentimita 100.

Ukili hauna taabu hii kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa haukazwi katika kitanda chochote. Mwalimu awape wanafunzi kipande cha ukili na kipande cha mpira, awaulize kipi kitapimika kwa urahisi kikiwa kimevutwa. Jibu lao litawaongoza kwenye nguo.

Hatua za kufuata

Kwanza, fumeni sampuli. Pimeni sentimita 20 mtande ukiwa umekazwa, kisha tieni uzi wa rangi mwanzoni na mwishoni. Legezeni mtande mpime tena. Kisha ikateni, ifueni, ikausheni, mpime mara ya tatu. Tuseme vipimo vimekuwa 20, 19 na 18. Vipimo hivi ni vya uzi ule na kitanda kile tu. Uzi ukibadilika, sampuli nyingine ifumwe.

Pili, chagueni namna moja ya kupima na msiibadilishe. Ama mpime nguo daima ikiwa imekazwa, ama daima ikiwa imelegezwa. Sisi twaona kulegeza ni bora, kwa kuwa mkazo wa leo hauwi sawa na wa kesho. Kama kitambaa kilichokwisha kufuliwa kinatakiwa kuwa sentimita 90, basi kikilegezwa kitandani kiwe 90 × 19/18, yaani sentimita 95. Kikipimwa kimekazwa kiwe 90 × 20/18, yaani sentimita 100. Mwanafunzi aone kwamba majibu mawili yaliyo mbali yanaelekea kwenye kitambaa kimoja.

Tatu, wekeni alama. Kila mnapotimiza kipimo mlichokichagua, pitisheni uzi mfupi wa rangi ukingoni mwa nguo. Nguo inapokunjwa, alama moja ibaki wazi daima, ili kipimo kipya kianzie hapo. Aliyepima aandike tarehe na kipimo katika daftari la kitanda. Pimeni katikati ya nguo, kwa maana kingo huweza kukazwa kupita kiasi.

Nne, fanyeni hesabu ya uzi kabla ya kutanda. Kwa nguo ya sentimita 100 ikiwa imekazwa, tuseme mtande huhitaji sentimita 10 zaidi kwa kupanda na kushuka kwake, na sentimita 40 za kufungia mbele na nyuma ambazo hazifumiki. Kila uzi basi uwe sentimita 150. Ikiwa upana ni sentimita 30 na kila sentimita ina nyuzi 4, nyuzi zote ni 120. Hizo ni sentimita 18,000, yaani meta 180 za uzi wa mtande peke yake.

Nafasi ya mwalimu

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisisitiza kwamba kazi ya shule na masomo ya shule visitengane. Somo hili laonyesha maana yake. Uwiano na sehemu, ambavyo wanafunzi wengi huviona vigumu ubaoni, hapa vina matokeo: vikikosewa, kitambaa hakitoshi. Kwa hiyo mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Wanafunzi wakipata vipimo viwili vinavyopingana, awaulize kila kipimo kilichukuliwa lini na nguo ilikuwa katika hali gani. Mara nyingi wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Maswali ya kujadili

1. Sampuli ya sentimita 25 iliyopimwa ikiwa imekazwa imekuwa sentimita 22 baada ya kufuliwa. Ili kupata kitambaa cha sentimita 66, tufume sentimita ngapi?
2. Shule yako haina kitanda cha kufumia. Utatumia vifaa gani vya kijijini kutengeneza kidogo cha kufundishia?
3. Mwanafunzi anatoa kipimo kinachopingana na chako. Eleza utakachofanya kabla ya kusema kwamba amekosea.