Jina Kwenye Makala ya Tiba ni Dhamana

Juni 2011, katika hospitali ya Karolinska nchini Sweden, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea Andemariam Beyene, Mwaeritrea aliyekuwa akisoma Iceland, bomba la hewa la plastiki lililopandwa seli za uboho wake mwenyewe. Jarida la The Lancet likachapisha habari hiyo mwaka huohuo, kwa orodha ndefu ya waandishi. Beyene alifariki Januari 2014. Mwaka 2018 taasisi ya Karolinska iliamua kuwa Macchiarini na wenzake 6 walikiuka maadili ya utafiti, na The Lancet likaifuta makala. Jina, basi, huleta sifa na huleta mashtaka. Ndiyo maana kusahihisha orodha ya waandishi ni jambo zito sawa na kusahihisha takwimu.

Utafiti wa vifaa vinavyopandikizwa mwilini hupita mikono mingi: yupo anayepika plastiki, anayeotesha seli, anayepima sumu kwa panya. Kifaa kikipasuka kifuani mwa mgonjwa, lazima ijulikane nani aulizwe. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inadai mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuiandika au kuihakiki, ameidhinisha toleo la mwisho na amekubali kuwajibika. Kuongoza maabara au kutafuta fedha peke yake hakutoshi, ingawa wakubwa wengi huingizwa hivyo, na kijana aliyekesha maabara huishia kwenye shukrani.

Wapo wanaosema matokeo hayabadiliki kwa kubadili majina. Kweli, plastiki ni ileile. Lakini aliyeipima akifichwa, hakuna wa kueleza vipimo vyake. Hoja nzito zaidi ni kwamba mlango wa kubadili majina ukifunguliwa, nafasi za uandishi zitauzwa, na biashara hiyo ipo. Dawa yake ni uwazi. Sababu iandikwe, waandishi wote waridhie kwa maandishi, na tangazo la masahihisho liunganishwe na makala ya awali, lisomwe bila malipo. Wakibishana, chuo ndicho kichunguze, kwa kuwa mhariri hakuwapo maabara.

Kwa hiyo wewe mtafiti kijana, andika tarehe kwenye kila ukurasa wa daftari lako la maabara. Ukiachwa nje, waandikie kwanza wenzako. Wakikataa, mwandikie mhariri na chuo, na uambatanishe kurasa hizo.