Jihadhari na Mazuku: Gesi Isiyoonekana

Usiku na mchana, wewe na watoto wako mnavuta hewa. Watu wengi hudhani kwamba hewa ni kitu kimoja. Sivyo. Hewa ni mchanganyiko wa gesi mbalimbali, na kuzifahamu kunaweza kuokoa maisha, hasa kwetu tunaoishi karibu na volkeno ya Nyiragongo.

Hewa ina nini?

Ukigawa hewa kavu katika sehemu 100, karibu sehemu 78 ni naitrojeni na karibu 21 ni oksijeni, ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Sehemu moja inayobaki karibu yote ni gesi iitwayo agoni. Kaboni dayoksaidi, yaani hewa ya ukaa, ni kidogo sana: 0.04 hivi tu. Gesi hiyo si ngeni kwako. Ndiyo inayotoa mapovu katika soda, na imo pia katika pumzi unayoitoa. Ikiwa kidogo haidhuru. Ikiwa nyingi inaua.

Mazuku ni nini?

Katika ardhi ya volkeno, kaboni dayoksaidi hupanda kutoka chini kupitia nyufa za mawe ya lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu hivi. Kwa hiyo haipandi juu kama moshi. Hutiririka kama maji na kutuama mashimoni na mabondeni. Mahali hapo wenyeji wa Goma hupaita mazuku, maana yake upepo mbaya. Mazuku mengi yanajulikana kati ya Goma na Sake, karibu na Ziwa Kivu. Wengi wenu mliopo hapa Rubavu mmepita huko, na huenda siku moja mtarudi.

Gesi hii ikifika sehemu 10 kati ya 100, mtu anaweza kuzimia baada ya dakika chache. Ikizidi sana, pumzi chache tu zinatosha kumwangusha.

Nani yuko hatarini zaidi?

Ni watoto, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie lolote, huku mtoto aliye kando yake akianguka. Vilevile yuko hatarini anayeinama kuokota kuni, anayejisaidia shimoni na anayelala chini. Hatari huongezeka usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Lakini baadhi ya mashimo huua hata mchana.

Utatambuaje?

Gesi hii haina rangi, na huwezi kutegemea pua. Tazama alama hizi:
- ndege, panya, wadudu au mbuzi waliokufa ndani ya shimo;
- mshumaa au kibiriti kinachozimika karibu na ardhi. Lakini moto ukiendelea kuwaka, usidhani kwamba pako salama;
- kichwa kuuma, kizunguzungu, pumzi kwenda mbio. Ondoka mara moja, panda juu.

Ufanye nini?

- Waulize wenyeji mahali palipo na mazuku kabla ya kujenga au kulala.
- Usijenge hema wala choo katika shimo la mawe ya lava.
- Wakataze watoto kucheza humo.
- Usitegemee kitambaa kilicholoweshwa maji. Hakizuii gesi hii.

Mtu akianguka

Usishuke kumfuata, hata kama ni mtoto wako. Ni vigumu, lakini anayeshuka bila mtungi wa hewa huanguka naye, na badala ya maiti mmoja wanakuwa wawili. Piga kelele, ita msaada. Mkiweza, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu. Akishatolewa, mpelekeni penye upepo. Kama hapumui, anayejua ampulizie pumzi mdomoni. Kisha mkimbizeni kituo cha afya.

Na jiko la makaa?

Makaa yakiwaka hutoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Hii haitulii chini, bali huenea nyumba nzima na kuua watu wakiwa usingizini. Usilale na mbabula ndani, hata kama kuna baridi. Itoe nje kabla ya kufunga mlango.

Ukishasoma, mweleze jirani asiyejua kusoma, na watoto wako leo jioni.