Slaidi Yako Inasomeka Kule Nyuma?

WAHENGA walisema mwenye macho haambiwi tazama. Siku hizi, hata hivyo, watu wenye macho yao mawili mazima huketi ukumbini na kuambiwa na msemaji, "Kama mnavyoona hapa ukutani," ilhali wanachokiona ni herufi ndogo ndogo zilizosongamana kama sisimizi walioona sukari. Hutazamana, wakatingisha vichwa kwa adabu, na baadaye wakaondoka bila ya kujua kilichosemwa.

Zamani slaidi zilikuwa mambo ya makampuni makubwa na wahadhiri. Leo ziko kila mahali. Mwanafunzi huzitumia kuutetea mradi wake mbele ya walimu, chama cha akina mama huzitumia kuomba mkopo, na mashirika huzionyesha katika semina zinazofanyika kila mara mjini Voi, pale njia panda ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi na ile iendayo Mwatate na Taveta. Hata serikali za kaunti huja kwa wananchi na projekta.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la urembo na kuwa la haki. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza wananchi washirikishwe katika maswala ya fedha za umma, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 ikaeleza jinsi ya kufanya hivyo. Kaunti ya Taita Taveta ina wadi 20, kuanzia Sagalla na Kasigau hadi Mata kule mpakani mwa Tanzania. Mkazi wa wadi yoyote kati ya hizo akiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, kisha akaonyeshwa ukutani jedwali lenye safu kumi za tarakimu asizoweza kuzisoma, atatoa maoni gani? Haki ya kusema juu ya kitu usichokiona ni haki ya jina tu.

Ndiyo sababu, msomaji mpendwa, tunataka ushike kanuni moja kabla ya nyingine zote. Slaidi si ya msemaji, wala si ya mgeni wa heshima aliyeketi mstari wa mbele. Slaidi ni ya yule aliyechelewa matatu, akaingia kwa kunyemelea na kuketi nyuma kabisa karibu na mlango.

SLAIDI ILIYOFICHA HATARI

Programu iitwayo PowerPoint, ambayo ndiyo wengi wetu tunaijua, ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ndogo ya Marekani, na mwaka huo huo kampuni hiyo ikanunuliwa na Microsoft. Ilirahisisha kazi mno. Balaa ni kwamba ilirahisisha pia kujaza maneno.

Usidhani madhara yake ni usingizi tu. Mnamo Januari 16, 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliruka na watu saba ndani. Sekunde 80 hivi baada ya kuondoka, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la mafuta na kuligonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitayarisha slaidi za kuwaeleza wakubwa wa NASA ukubwa wa hatari hiyo.

Kichwa cha slaidi moja kilitoa picha ya kwamba mambo yalikuwa shwari. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote, paliandikwa jambo la kutisha: povu lililoligonga bawa lilikuwa kubwa mara mamia kuliko vipande vilivyowahi kutumiwa katika majaribio. Kwa maneno mengine, hakuna aliyejua kwa hakika kama bawa lilikuwa zima.

Februari 1, 2003, Columbia ilisambaratika ikirudi duniani na wote saba wakafa. Bodi iliyochunguza ajali hiyo haikusema kwamba slaidi ndiyo iliyowaua. Ilisema, hata hivyo, kwamba ni rahisi kuelewa jinsi mkubwa angeweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba inahusu maisha ya watu. Neno zito lilikuwapo, ila liliwekwa mahali ambapo jicho hufika likiwa limechoka.

PIMA KWA HATUA

Sasa tuingie jikoni. Swali la kwanza ni hili: herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Kuna kipimo cha zamani kinachotumiwa na watu wa projekta, nacho hakihitaji fedha. Picha ya ukutani yenye kimo cha mita moja na nusu inafaa kutazamwa na mtu aliye umbali usiozidi mara nane ya kimo hicho, yaani mita 12. Huo ni urefu wa kumbi nyingi za kawaida.

Basi fanya hivi ukiwa nyumbani. Chukua rula, upime kimo cha slaidi kwenye kompyuta yako. Tuseme ni sentimita 20. Zidisha kwa nane, upate sentimita 160. Weka kompyuta mezani, urudi nyuma kiasi hicho, ambacho ni kama hatua mbili za mtu mzima. Hapo umeketi nyuma ya ukumbi. Je, unasoma bila ya kukunja uso?

Ukumbi ukiwa mrefu zaidi, rudi nyuma zaidi. Ukumbi wa mita 18 kwa picha hiyo hiyo ni mara 12 ya kimo chake, kwa hivyo simama mbali na kompyuta yako mita mbili na nusu hivi. Na kama nyumbani mna babu au nyanya, mwombe kwa heshima asome badala yako, maana ukumbini hawaketi vijana peke yao.

Utagundua kwamba herufi za ukubwa wa 12, zinazofaa barua, hazifai kabisa ukutani. Anzia 28 au 30 kwa maneno ya kawaida, na zaidi ya hapo kwa kichwa. Ukiona maneno hayaenei, usipunguze herufi, punguza maneno.

SLAIDI MOJA, NENO MOJA

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanasema, "Lakini yote ni muhimu!" Hebu tuchukue mfano wa hapa hapa nyumbani.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Taita Taveta. Voi ilikuwa na watu 111,831, Taveta 91,222, Mwatate 81,659, na Taita, yaani upande wa Wundanyi, 55,959. Msemaji asiyejali atachukua ukurasa mzima wa ripoti, wenye wanaume, wanawake, idadi ya nyumba na ukubwa wa ardhi, aubandike ukutani na kuandika juu yake "Matokeo ya Sensa". Kichwa kama hicho hakisemi lolote. Kinamwachia msikilizaji kazi ya kutafuta habari mwenyewe.

Msemaji anayejali atajiuliza kwanza: nataka waondoke na neno gani? Kisha ataandika neno hilo lenyewe kuwa kichwa: "Mtu mmoja kati ya watatu anaishi Voi". Chini yake atachora nguzo nne tu, zikipangwa kutoka ndefu hadi fupi, na juu ya kila nguzo aandike elfu 112, elfu 91, elfu 82 na elfu 56. Hakuna anayehitaji kujua ukutani kwamba kulikuwa na mtu wa 831. Tarakimu kamili ziende kwenye karatasi atakayowagawia.

Tazama basi faida yake. Mkazi wa milimani akiiona slaidi hiyo, mara moja atainua mkono na kuuliza: je, fedha za zahanati zigawanywe kwa wingi wa watu pekee, au pia kwa ugumu wa njia? Hilo ni swali la maana, na mkutano umekuwa mkutano kweli. Mbele ya jedwali la safu kumi lisingeulizwa.

Lakini tahadhari. Nguzo zinaweza kudanganya zisipoanzia sufuri. Wakazi wa Voi ni mara mbili ya wale wa upande wa Wundanyi. Mchoraji mjanja akizianzisha nguzo zake kwenye elfu 50, ya Voi itaonekana ndefu mara kumi! Tarakimu hazikubadilika, macho ndiyo yaliyoibiwa. Wewe mtazamaji, kabla ya kushangilia au kukasirika, angalia nguzo zimeanzia wapi.

JUA LA VOI NA RANGI

Kuna kosa jingine ambalo huonekana sana katika nchi zetu za jua. Mtu hutengeneza slaidi usiku chumbani mwake, mandhari nyeusi au samawati iliyokolea na herufi za manjano, akaona zinang'aa kama dhahabu. Kesho yake saa sita mchana, katika ukumbi wa Voi ambao madirisha yameachwa wazi kwa sababu ya joto, dhahabu yote inatoweka.

Sababu yake ni nyepesi. Projekta hurusha mwanga. Haiwezi kurusha weusi. Panapoonekana peusi ukutani ni pale tu ambapo projekta haikurusha kitu. Jua likiingia dirishani na kuumulika ukuta, weusi ule hugeuka kijivu na herufi zikamezwa. Kwa hivyo penye mwanga mwingi tumia mandhari meupe na herufi nyeusi. Mandhari ya giza yaachie vyumba vinavyoweza kutiwa giza.

Vile vile usitegemee rangi peke yake. Wako watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Ukisema "wadi zilizo nyekundu hazina maji na za kijani zina maji", umewaacha nje. Andika maneno juu ya rangi hizo. Na yale mapambo ya maua, vipepeo na herufi zinazoingia zikizunguka, yahifadhi kwa kadi za arusi.

PICHA NA SAUTI YAKO

Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Jambo hilo ukilisema kwa maneno litasahaulika. Onyesha ramani moja yenye mbuga kwa rangi iliyokolea na jina lake juu, na mtoto wa darasa la nne ataelewa ni kwa nini ndovu hawakosi kuingia mashambani.

Tukiwa bado kwa ndovu, huko Sagalla wakulima na watafiti wamekuwa wakijaribu ua wa mizinga ya nyuki, kwani ndovu huogopa kuumwa. Mwanafunzi anayetaka kuuelezea ua huo asiandike aya nne. Picha moja ya mizinga iliyoning'inizwa kwa waya kuzunguka shamba, na kichwa kisemacho "Ndovu akigusa waya, nyuki hutoka", vinatosha. Mengine atayasema kwa kinywa chake.

Maana kinywa ndicho msemaji halisi. Mtaalamu wa elimu wa Marekani, Richard Mayer, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba watu hujifunza vyema zaidi kwa picha na sauti kuliko wakisikia sauti inayoyarudia maneno yale yale yaliyoandikwa mbele yao. Hata bila ya majaribio tunalijua hilo. Anayesoma hasikii vizuri, na anayesikiliza hasomi vizuri. Kuwasomea watu slaidi neno kwa neno, tena ukiwa umewapa mgongo, ni kuwanyima yote mawili.

Chagua pia lugha. Sentensi fupi ya Kiswahili humfikia mzee wa Mwatate na mfanyabiashara wa Taveta kwa pamoja. Vifupisho vya ofisini viandike kwa ukamilifu. Badala ya kuandika Sh4,500,000, andika "Sh milioni 4.5". Halafu usikimbie: ukibadilisha slaidi, nyamaza kidogo watu watazame, ndipo useme.

STIMA IKIPOTEA

Mwisho, jiandae kwa siku ya kiza. Stima hupotea, nyaya hukataa kuingiliana, kompyuta ya wenyeji wako ikageuza herufi zako kuwa vijisanduku. Beba slaidi zako kwenye flashi zikiwa pia katika muundo wa PDF, usiobadilikabadilika. Beba nakala za karatasi. Na slaidi ile moja iliyo moyo wa hoja yako, ichore kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Kama haiwezi kuchorwa kwenye manila, basi ina mambo mengi mno.

Mzazi, jioni ya leo mwite mwanao aliye chuoni akuonyeshe slaidi zake. Wewe kaa mlangoni, yeye aweke kompyuta mezani. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize, "Slaidi hii inasema nini?" Akihitaji dakika tatu kujibu, haijawa tayari.

Nawe mwananchi unayeitwa kwenye vikao vya bajeti, usione haya. Usipoona kilichoandikwa ukutani, inua mkono useme, "Samahani, huku nyuma hatusomi. Tusomee, au mtupe karatasi." Huo si utovu wa adabu. Fedha zinazojadiliwa ni zako, na huwezi kuulizwa maoni juu ya kiza.