Mafuta Yaliyopanda Dohani

Magari ya Lindi na Mtwara yakishapita Bungu, abiria huanza kuulizana watakula wapi. Wilaya ya Kibiti ina cha kuwapa: samaki na kamba wa delta ya Rufiji, wali wa nazi, chipsi, mihogo ya kukaanga. Hata kwenye kata kama Mtawanya, mwenye karai kubwa na mtungi wa gesi anaweza kuanzisha mgahawa. Biashara ikikua, jiko la uani huhamia ndani ya chumba. Chumba kinataka pa kutolea moshi, basi huitwa fundi bati, akatengeneza kofia ya moshi juu ya jiko, bomba la kupenya darini na feni ya kuvuta. Mapafu ya wapishi hupata nafuu kubwa. Lakini kuanzia siku hiyo mgahawa una mahali papya pa kuwakia moto, tena mahali pasipoangaliwa na mtu.

Chipsi na samaki hukaangwa kwenye mafuta ya nyuzijoto 170 hadi 190. Kwenye joto hilo sehemu ndogo ya mafuta hupanda na mvuke, nyingine hurushwa hewani kama matone madogo mno. Feni huyavuta yote juu. Yakigusa bati lililo baridi kuliko jiko, huganda hapo hapo. Kesho yake tabaka jingine hulala juu ya lile la jana, likachanganyika na vumbi na masizi. Mwanzo utando huwa wa njano na unanata kama ulimbo. Miezi ikipita huwa kahawia, halafu mweusi, mgumu, na kitambaa chenye sabuni hakiuondoi tena. Mpishi anayefuta kofia yake kila jioni mpaka ikang'aa anaweza kabisa kuwa na mafuta mengi mita moja tu juu ya kichwa chake.

Mafuta hayo hayawaki yenyewe, yanangoja moto utoke chini. Karai likisahauliwa jikoni, mafuta yakafika kwenye nyuzijoto 360 hivi, hushika moto bila kiberiti. Mwali ukipanda, feni iliyokuwa ikivuta moshi sasa inavuta mwali, na kuupeleka moja kwa moja palipo na akiba ya mafuta. Moto ndani ya bomba unaweza kufika nyuzijoto 1,000. Bati huwa jekundu, na chochote kilicholigusa kwa nje, kiwe papi, mirunda, silingi bodi au makuti, kinaanza kuungua kabla mtu hajaona mwali wowote.

Ndiyo maana kanuni ya Marekani kwa kazi hii, inayojulikana kama NFPA 96, inataka bomba likae karibu nusu mita mbali na kitu chochote kinachoweza kuungua, isipokuwa pamewekwa kinga maalumu. Linganisha na mabomba yetu. Mengi hupita katikati ya papi mbili kwa tundu lililokatwa kwa kipimo cha bomba lenyewe, na fundi husifiwa kwa kutoacha mwanya. Kwenye paa la makuti, kubana huko ni hatari kuu.

Bati lenyewe nalo lina tatizo. Kanuni hiyo hiyo inataka chuma cha geji 16, karibu milimita moja na nusu, kilichochomelewa maungio yote mpaka kisipitishe tone. Sisi huchukua bati la kuezekea la geji 28, ambalo unene wake haufiki hata nusu milimita, tukalikunja na kulipiga ribiti. Mafuta hupenya kwenye mikunjo, yakadondokea juu ya dari na kulowesha mbao taratibu. Vijiji vya delta, vinavyopigwa na upepo wa chumvi, huongeza kutu juu ya hayo.

Mafuta yaliyovujia darini yameshaua. Tarehe 29 Agosti 2007, zimamoto wa jiji la Boston, Marekani, waliitwa kwenye mgahawa wa Tai Ho, mtaa wa West Roxbury. Walipoingia, chumba cha wateja hakikuonyesha hali ya kutisha. Moto ulikuwa juu ya dari, umekwisha kuwaka humo kwa muda mrefu bila kuonekana, ukilishwa na mafuta yaliyotoka kwenye bomba la jikoni. Ghafla ukashuka na kujaza chumba kizima, na askari wawili wakafa. Hao walikuwa watu wenye mafunzo, vifaa na magari. Mpishi wa Mtawanya ana ndoo.

Na hiyo ndoo isiguswe. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua nafasi ya lita zipatazo 1,700, na ikigeukia ndani ya mafuta yanayowaka huyarusha chumba kizima, pamoja na usoni mwa aliyemwaga. Funga gesi, funika karai kwa mfuniko wa chuma au blanketi la kuzimia moto, usilifunue mpaka lipoe. Mtungi wa unga mkavu, ule unaoning'inizwa kwenye migahawa mingi, huua mwali lakini haupozi mafuta, hivyo moto unaweza kurudi dakika hiyo hiyo. Upo mtungi wa kimiminika uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya kula, ambao huyageuza juu yake kuwa tabaka la sabuni lenye kuzuia hewa. Mwenye jiko la kukaangia anunue huo. Moto ukishaingia kwenye bomba, kazi ya mpishi imekwisha: watu wote nje, na simu ipigwe 114. Valvu ya gesi iwe karibu na mlango, maana anayelazimika kupitisha mkono juu ya mwali ili afunge gesi hatafunga.

Kwa desturi yetu ya kuchoma na kukaanga pamoja, jambo moja linanitia hofu kuliko mengine. Jiko la mkaa la kuchomea samaki huwekwa bega kwa bega na karai la chipsi, yote chini ya kofia moja. Mkaa unatoa cheche, karai linatoa mafuta, na bomba linavikutanisha. NFPA 96 inataka jiko la kuni au mkaa liwe na bomba lake peke yake, na likaguliwe kila mwezi. Jiko lenye kukaanga kwa wingi hukaguliwa kila miezi 3, la shughuli za wastani kila miezi 6. Kwa mwenye mgahawa mdogo ningesema hivi: kama huwezi mabomba mawili, mkaa urudi nje uani.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi utakapokwisha. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila gesi huondoa masizi ya kuni, haiondoi mvuke wa mafuta. Kadiri majiko yanavyoingia ndani ya kuta kwa sababu ya gesi, ndivyo mabomba yanavyoongezeka, na sijaona elimu ya usafi wa mabomba ikienda kwa mwendo huo huo.

Dalili zipo kwa anayetazama. Feni huanza kutetemeka kwa sababu mafuta yamelemea panga moja kuliko jingine. Moshi hurudi jikoni. Juu ya paa, pembeni ya mdomo wa bomba, huonekana michirizi ya mafuta. Kipimo chenyewe ni rahisi: pitisha kisu ndani ya bomba, na utando ukifika milimita 2, bomba lisafishwe kabla ya kuwasha jiko tena. Machujio ya kofia yatolewe na kuoshwa kila wiki, kila siku kwa anayekaanga kutwa. Wanaotumia kostiki soda wajue kwamba hula machujio ya aluminiamu na kuyatoboa, na kwamba inaunguza macho. Chujio la wavu linashika mafuta na kuwaka lenyewe. La mabapa ya chuma, yenye kupindisha njia ya moshi, huchuruzisha mafuta kwenye mfereji na kuuzuia mwali kidogo.

Bomba lisilo na milango ya ukaguzi kwenye kona haliwezi kusafishwa, hata ulipe kiasi gani. Kabla ya kupanga chumba kilichokuwa mgahawa, panda na tochi, maana mafuta ya mpangaji aliyeondoka yamebaki humo, na mkataba useme nani atayaondoa. Fundi akimaliza kazi, mdai picha za ndani ya bomba, kabla na baada, kwenye kila kona, na tarehe iandikwe kwa rangi juu ya kofia. Picha ya kofia inayong'aa usiilipie.