Waya wa Ardhi

Tangu miaka ya 1950 maji ya mto Tshopo huzungusha mitambo inayoipatia Kisangani umeme. Umeme huo hauonekani wala haunuki. Waya ukichubuka ndani ya mashine, bati lake hushika umeme, na mfanyakazi aligusaye huwa yeye njia ya kuufikisha ardhini. Ndiyo sababu twasema: kila mashine na ifungwe waya wa ardhi, ili umeme upite humo na fyuzi ikatike mara. Wala mtu asitie kipande cha waya mahali pa fyuzi. Amemwondolea mwenzake mlinzi. Tena kabla ya kutengeneza, fundi azime umeme, aitie swichi kufuli, apime, ndipo aguse. Ufunguo akae nao mwenyewe.