Fungate Unguja: Homa Isipuuzwe

Maharusi wengi wa Kibaha na Kisarawe hupenda kwenda fungate Unguja, na wengine hufuatana na wazazi na wadogo zao. Ni jambo jema. Boti kutoka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi, na huko watatembelea Mji Mkongwe, watawaona kima punju wa Jozani na kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu.

Lakini sisi wauguzi tunalo neno. Kabla ya harusi huwa kuna mikesha. Watu hukaa nje chini ya turubai usiku kucha, na mbu wanawauma. Mtu akiambukizwa malaria leo, homa haiji kesho. Huchukua siku saba au zaidi. Hivyo ataugua akiwa kisiwani, na kudhani ni uchovu wa harusi au kichefuchefu cha boti. Kumbe ugonjwa ametoka nao nyumbani.

Tuzingatie haya:

1. Usiku wa mkesha tuvae nguo ndefu, na watoto walale ndani ya chandarua.

2. Homa ikianza, twende kupimwa siku hiyo hiyo. Tusinunue dawa kwa kubahatisha. Mtoto huzidiwa upesi.

3. Bibi harusi anayehisi huenda ni mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupewa dawa. Malaria humdhuru mama na mtoto aliye tumboni.

4. Dawa tumalize dozi, hata homa ikishuka.

Tunawatakia maharusi wote safari njema.