Kwa Nini Kifurushi Kidogo Hukataa Kufunguka

Labda nawe umeliona jambo hili. Mtoto wa sekondari ametumiwa mitihani ya miaka iliyopita katika simu ya baba, yote imefungwa katika faili moja la zipu. Limefika salama. Akitaka kulifungua, simu yasema nafasi haitoshi. Basi wengine hukimbilia kufuta picha za arusi na za marehemu babu. Ngoja kwanza.

Tazama daftari la karani. Mstari wa kwanza ameandika "Bilele, Bukoba". Mistari inayofuata anatia alama tu, maana yake "kama hapo juu". Wino umepungua, wala hakuna neno lililopotea. Njia ya namna hiyo waliitangaza Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977, na zipu ya leo ni mjukuu wake. Lakini chana nusu ya juu ya ukurasa, uone kama alama zile zitasomeka! Kwa hiyo mashine inayofungua sharti iyaweke karibu yale iliyokwisha kuyaandika. Zipu ya kawaida hutazama nyuma hadi baiti 32,768, na baiti moja ni nafasi ya herufi moja.

Kwa simu hicho si kitu. Lakini kompyuta za nyumbani za mwaka 1982 zilikuwa maskini. Commodore 64 ilikuwa na baiti 65,536 za kumbukumbu. Sinclair ZX Spectrum kubwa 49,152, na kioo peke yake kilikula 6,912. (Kwetu wachache walizijua: serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974.)

Mafundi wake walifanyaje? Kama mtu mwenye gunia la kahawa na uwanja mdogo. Gunia huliweka mwisho kabisa wa uwanja, akaanza kuanika toka mlangoni. Kahawa ikienea, gunia lapungua na kuacha nafasi. Kazi ni kuangalia kahawa isilifikie gunia kabla halijaisha. Katika mashine, yakikutana, maandishi mapya huyafuta yale ambayo hayajasomwa, na kila kitu kinachofuata kinaharibika. Hata bila ajali, kifurushi huliwa kinapofunguliwa. Umeme ukikatika, hakuna kifurushi wala mzigo. Wao walikuwa na kaseti, wakaanza upya.

Simu ni ya tahadhari zaidi. Hukiacha kifurushi kizima mpaka mwisho, kwa hiyo yataka nafasi ya vyote viwili. Kifurushi cha megabaiti 40 chenye mzigo wa 100 chataka 100 nyingine tupu. Tena karatasi zilizopigwa picha hazipungui sana, maana picha zenyewe zimekwisha kubanwa.

Basi mwombe mwalimu atume karatasi moja moja, au tia kadi ya kumbukumbu, kama simu inaipokea. Zipu ifutwe baada ya kufungua karatasi ya mwisho na kuisoma kwa macho.